Udongo Uwahi Ungali Maji: Maisha ya Mchongaji Gian Lorenzo Bernini

Utangulizi

Wahenga walipousia kwamba udongo uwahi ungali maji, walikuwa wakizungumzia malezi ya watoto. Hata hivyo, methali hiyo ilitoka kwa mfinyanzi, mtu anayejua kwamba ipo saa ambayo udongo humtii mwenye mikono, na kwamba saa hiyo ikipita hauwezi kukunjwa tena bila kuvunjika. Yupo msanii mmoja aliyeifuata kanuni hiyo ya mfinyanzi maisha yake yote, ijapokuwa dunia inamkumbuka kwa marumaru na shaba. Msanii huyo ni Gian Lorenzo Bernini, Mwitalia wa karne ya 17 na kinara wa mtindo wa sanaa uitwao Baroki.

Anayetaka kuuona ukuu wa Bernini huenda Roma. Anayetaka kujua jinsi alivyofanya kazi hana budi kuvuka bahari hadi mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Huko, katika majumba ya makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Harvard, zimehifadhiwa sanamu zake ndogo 15 za udongo uliochomwa. Huo ndio mkusanyiko mkubwa zaidi duniani wa kazi zake za aina hiyo. Hazikukusudiwa kusimamishwa kanisani wala kupamba kasri la mfalme. Zilikuwa rasimu, yaani majaribio ya mkono yaliyotangulia kazi yenyewe. Maisha ya Bernini yakisomwa kwa mwanga wa rasimu hizo, yanatofautiana na hadithi iliyozoeleka ya kipaji kilichoshuka kikiwa kimekamilika. Yanakuwa maisha ya mtu aliyejaribu, akakosea na kujaribu tena. Na zaidi ya hayo, mtu aliyetenda kosa moja ambalo hakuwa na udongo wa kulirekebishia.

Kuzaliwa na Malezi

Bernini alizaliwa mjini Naples tarehe 7 Desemba 1598. Baba yake, Pietro Bernini, alikuwa mchongaji kutoka eneo la Florence, naye mama yake, Angelica Galante, alikuwa mwenyeji wa Naples. Gian Lorenzo alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, familia ilihamia Roma, ambako Pietro alikuwa amepata kazi katika kikanisa ambacho Papa Paul V alikuwa akikijenga ndani ya kanisa la Santa Maria Maggiore. Mwana hutazama kisogo cha nina, na mwana huyu alikulia katika karakana, katikati ya vumbi la marumaru na mlio wa patasi. Alijifunza kazi kwa kumtazama babaye kabla ya kukabidhiwa jiwe lake mwenyewe.

Kipaji chake kilimvutia Kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa na mkusanyaji mkubwa wa kazi za sanaa. Kati ya mwaka wa 1618 na 1625, kijana huyo alimchongea Kardinali sanamu nne kubwa: Aeneas akimbeba babaye akikimbia mji unaoungua, Pluto akimteka Proserpina, Daudi akijiandaa kurusha jiwe, na Apollo akimkimbiza Daphne. Zote zimo hadi leo katika jumba la Borghese mjini Roma. Katika sanamu ya Proserpina, vidole vya Pluto vinazama katika paja la msichana kana kwamba jiwe ni nyama. Katika ile ya Daphne, vidole vya msichana vinachipuka majani na ngozi yake inageuka gome la mti. Umri wa mchongaji ulikuwa haujafika miaka 30.

Ni muhimu kutambua, hata hivyo, kwamba sifa zote hizo hazikuwa za mkono mmoja. Majani yale membamba ya Daphne yalichongwa kwa msaada mkubwa wa Giuliano Finelli, fundi hodari aliyekuwa akifanya kazi chini ya Bernini. Jina lililotajwa lilikuwa la Bernini peke yake, na baadaye Finelli aliondoka katika karakana hiyo akiwa na kinyongo. Mtindo huo uliendelea kwa maisha yote ya Bernini. Kadiri kazi zilivyoongezeka, ndivyo mafundi wengi zaidi walivyochonga marumaru yaliyobeba jina lake. Rasimu za udongo ndizo alizozifinyanga kwa vidole vyake mwenyewe, na hapo ndipo thamani yake ilipo kwa anayetaka kumjua.

Rasimu za Longinus

Mwaka wa 1623, Maffeo Barberini, rafiki na mfadhili wa Bernini, alichaguliwa kuwa Papa Urban VIII. Mlango wa Kanisa la Mtakatifu Petro ukawa wazi kwa msanii huyo. Mwaka uliofuata alianza kujenga kipaa cha shaba kinachosimama juu ya nguzo nne zilizosokotwa, penye madhabahu kuu, chenye urefu wa karibu mita 29. Kilizinduliwa mwaka wa 1633. Wakati huohuo, mwaka wa 1629, aliteuliwa kuwa msanifu mkuu wa kanisa hilo baada ya kifo cha Carlo Maderno.

Miongoni mwa kazi alizozifanya humo ni sanamu ya Mtakatifu Longinus, askari ambaye kwa mapokeo ya Kanisa ndiye aliyemchoma Yesu ubavuni kwa mkuki kisha akaamini. Sanamu hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 4, na ili kuupata upana wa mikono iliyonyooshwa, Bernini aliunganisha vipande vinne vya marumaru. Msanii wa Kijerumani, Joachim von Sandrart, aliyekuwa akiishi Roma wakati huo, aliandika kwamba alionyeshwa katika karakana ya Bernini vielelezo vidogo 22 vya nta, vyote kwa ajili ya Longinus huyo mmoja.

Idadi hiyo inasema mengi. Mtu aliyesifiwa kote kwa wepesi wa mkono alijaribu umbo moja zaidi ya mara 20 kabla ya kuligusa jiwe. Mojawapo ya majaribio ya Longinus, la udongo na lenye urefu wa takriban sentimita 50, limo Harvard. Halifanani kikamilifu na sanamu iliyomo kanisani, na hapo ndipo funzo lake lilipo, kwani linaonyesha wazo likiwa bado njiani.

Uchunguzi wa kitaalamu wa rasimu za Harvard, uliojumuisha picha za eksirei, umefichua namna zilivyofinyangwa. Bernini alichukua bonge la udongo, akalisimamisha, kisha akalibinya kwa kidole gumba ili kupata mwelekeo wa kiwiliwili. Mikunjo ya vazi aliivuta kwa vidole au kwa kijiti, na mahali pengine alipitisha kifaa chenye meno kama ya kitana. Alipoharakisha, aliacha nyuso bila macho, kwa sababu alichokitafuta ni mkao na uzito wa mwili, si sura. Baadaye alichimba udongo wa ndani au wa mgongoni ili kielelezo kisipasuke kikiwa tanurini. Alama za vidole zimepatikana katika rasimu kadhaa, na baadhi yake zinalingana kutoka rasimu moja hadi nyingine. Ni nadra kwa msanii aliyefariki karne nyingi zilizopita kuacha ushahidi wa karibu namna hii.

Kosa Lisilofutika

Wasifu wa mtu mkubwa usiotaja uovu wake huwa ni sifa tupu. Sanamu ya Longinus ilipokamilika mwaka wa 1638, Bernini alikuwa katika uhusiano wa siri na Costanza Piccolomini, mke wa Matteo Bonarelli, mchongaji aliyefanya kazi chini yake. Alikuwa amemchongea Costanza sanamu ya kichwa na kifua, nywele zikiwa hazikufungwa sawasawa na midomo ikiwa wazi kidogo kama ya mtu anayetaka kunena. Hakuna mfadhili aliyeiagiza. Aliichonga kwa ajili yake mwenyewe.

Mwaka huohuo aligundua kwamba ndugu yake Luigi naye alikuwa akimwendea mwanamke huyo. Alimshambulia Luigi, akamvunja mbavu, na kumfukuza kwa upanga hadi kanisa la Santa Maria Maggiore. Kisha alimtuma mtumishi nyumbani kwa Costanza, naye akamkata uso kwa wembe. Angelica, mama wa ndugu hao wawili, alimwandikia Kardinali Francesco Barberini barua ya kilio, akimwomba amzuie mwanawe anayetenda kana kwamba hakuna sheria juu yake.

Hukumu iliyofuata haikulingana na makosa. Costanza, aliyejeruhiwa, alifungiwa katika nyumba ya watawa kwa uzinzi. Mtumishi alifukuzwa mjini, na Luigi akapelekwa Bologna. Bernini alitozwa faini ya skudi 3000, kisha Papa akamsamehe na kumshauri aoe. Mwaka wa 1639 alimwoa Caterina Tezio, wakajaliwa watoto 11. Costanza alirudi kwa mumewe, akajenga maisha yake upya, na akawa mfanyabiashara wa kazi za sanaa hadi kifo chake mwaka wa 1662. Sanamu yake iko katika jumba la Bargello mjini Florence, uso ukiwa bila kovu.

Mtu aliyekuwa na subira ya kufinyanga vielelezo zaidi ya 20 kwa ajili ya askari wa jiwe hakuwa na subira ya usiku mmoja kwa binadamu aliye hai. Udongo humruhusu mfinyanzi arudie. Uso wa mtu haumruhusu.

Mnara Uliobomolewa

Cheo huzeeka. Papa Urban alikuwa ameagiza minara miwili ya kengele ijengwe kwenye ncha mbili za uso wa Kanisa la Mtakatifu Petro. Msingi ulikuwa umewekwa na Maderno kwa ajili ya minara midogo zaidi, katika ardhi yenye maji chini yake. Bernini alisanifu minara mirefu na mizito. Mnara wa kusini uliposimama mwaka wa 1641, nyufa zilionekana ukutani chini yake, na kazi ikasimamishwa.

Urban alifariki mwaka wa 1644. Aliyemfuata, Innocent X, hakuipenda familia ya Barberini wala watu wake. Wasanifu waliitwa kutoa maoni, miongoni mwao Francesco Borromini, aliyewahi kufanya kazi na Bernini kisha akawa hasimu wake. Baada ya mabishano marefu, Papa aliamuru mwaka wa 1646 kwamba mnara ubomolewe. Mji mzima uliyaona mawe yakiteremshwa. Kwa msanii wa hadhi ya Bernini, aibu hiyo ilikuwa kubwa kuliko faini yoyote.

Katika miaka hiyo ya kusukumwa kando ndipo alipochonga, kwa ajili ya kanisa la Santa Maria della Vittoria, sanamu ya Mtakatifu Teresa akiwa amezimia kwa upendo wa Mungu, kazi ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha usanii wake. Aidha, alianza kujichongea sanamu ya Ukweli ukifunuliwa na Wakati. Alimaliza umbo la Ukweli, lakini Wakati, aliyepaswa kuliinua pazia, hakuchongwa kamwe.

Mto Uliofunikwa Uso

Rasimu ndiyo iliyomrudisha Bernini kazini. Innocent X alitaka chemchemi kubwa ijengwe katika uwanja wa Navona, mbele ya kasri la familia yake. Wasanii wengine walialikwa kutoa mapendekezo, naye Bernini akaachwa nje. Waandishi wa wasifu wake wa kale wanasimulia kwamba Niccolò Ludovisi, aliyekuwa amemwoa mpwa wa Papa, alimshawishi atengeneze kielelezo, kisha akakiweka mahali ambapo Papa angepita. Papa alikiona, akasimama akikitazama kwa muda mrefu, na kazi akapewa Bernini.

Chemchemi ya Mito Minne ilijengwa kati ya mwaka wa 1648 na 1651. Inaonyesha mito ya Danube, Ganges, Plata na Nili, kila mmoja kwa umbo la mwanamume mwenye nguvu, chini ya mnara wa jiwe wa mtindo wa Kimisri. Nili, uliochongwa na Giacomo Antonio Fancelli, umefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwani chanzo chake kilikuwa bado hakijafahamika Ulaya. Wavuvi wa ziwa ambalo leo linaitwa Viktoria, lililo kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, walikuwa wakinywa maji hayo tangu enzi za mababu. Kitambaa kile, basi, kilifunika macho ya aliyetazama kutoka mbali, si uso wa mto.

Isitoshe, chemchemi hiyo haikumfurahisha kila mtu. Miaka hiyo ilikuwa ya njaa, na wananchi wa Roma walilalamika kwamba walitozwa kodi ili kujenga uwanja wa fahari ilhali walihitaji mkate. Uzuri unaosifiwa na wageni leo ulilipiwa na watu wenye njaa.

Paris na Malaika wa Daraja

Chini ya Papa Alexander VII, aliyechaguliwa mwaka wa 1655, Bernini alisanifu uwanja wa mbele wa Kanisa la Mtakatifu Petro, unaokumbatiwa na nguzo 284. Mwaka wa 1665 aliitwa Paris na Mfalme Louis XIV ili asanifu upya kasri la Louvre. Michoro yake ya kasri hilo haikujengwa hatimaye. Alichokiacha Ufaransa ni sanamu ya kichwa na kifua ya mfalme mwenyewe, iliyoko Versailles.

Paul Fréart de Chantelou, aliyepewa jukumu la kumhudumia mgeni huyo, aliweka shajara ya ziara nzima. Anaeleza kwamba Bernini hakumtaka mfalme akae bila kutikisika. Alimchora akitembea, akizungumza na akicheza mchezo wa mpira, na alifinyanga vielelezo vya udongo. Ajabu ni kwamba alipoanza kuchonga marumaru, aliviweka kando vielelezo hivyo. Alieleza kwamba vilikuwa vya kumtia mfalme akilini mwake, na kwamba kuvifuata baada ya hapo kungekuwa kujinakili mwenyewe. Hapa inadhihirika falsafa yake ya rasimu: hakuiona kama kigezo cha kunakiliwa, bali kama njia ya kujifunza hadi jambo likae moyoni.

Kundi linalopendeza zaidi katika mkusanyiko wa Harvard ni la malaika. Mwaka wa 1667, Papa Clement IX aliagiza malaika 10 wa marumaru wa kusimama kwenye daraja la Sant'Angelo, kila mmoja akishika chombo cha mateso ya Kristo. Bernini, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 70, aliwasanifu wote lakini alijitengea wawili: yule anayeshika taji la miiba na yule anayeshika maandishi ya msalabani. Katika rasimu zilizobaki, malaika hao wanaonekana wakitafutiwa mkao. Mguu wa kubeba uzito unahamishwa, kiuno kinapinda zaidi, na vazi linavuma upande mwingine, kana kwamba upepo umegeuka kati ya rasimu moja na inayofuata. Sanamu zilipokamilika, Papa aliziona kuwa nzuri mno kuachwa kwenye jua na mvua, na nakala zikawekwa darajani badala yake. Zenyewe zimo katika kanisa la Sant'Andrea delle Fratte.

Kimo pia Harvard kichwa cha udongo cha Mtakatifu Jerome, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, kilichotayarishwa kwa ajili ya sanamu iliyoko katika kanisa kuu la Siena. Mashavu yamebonyea na macho yamezama. Alama za vidole vya mfinyanzi zimegeuka kuwa makunyanzi ya mzee.

Kifo na Safari ya Udongo

Bernini alichonga hadi uzeeni. Katika siku zake za mwisho alipatwa na kiharusi kilichoupooza mkono wake wa kulia, na inasimuliwa kwamba aliliona jambo hilo kuwa la haki, kwa kuwa mkono huo ulikuwa umefanya kazi nyingi na ulistahili kupumzika kabla yake. Alifariki tarehe 28 Novemba 1680, siku chache kabla ya kutimiza miaka 82. Alizikwa katika kanisa la Santa Maria Maggiore, chini ya bamba la jiwe lisilo na mapambo. Ni kanisa lilelile lililomleta babaye Roma, na lilelile alikomfukuzia nduguye kwa upanga.

Baada ya kifo chake ladha ya watu ilibadilika. Wahakiki wa karne ya 18 na 19 waliuona mtindo wa Baroki kuwa wa kupita kiasi. Ikiwa marumaru yake yalidharauliwa, udongo ungethaminiwa na nani? Rasimu nyingi zilivunjika na kupotea. Zilizosalimika zilinusurishwa na wachache waliojua walichokiona. Mmoja wao alikuwa Giovanni Piancastelli, mchoraji na mkurugenzi wa jumba la Borghese, aliyezikusanya kwa bidii. Mwaka wa 1905 aliuza mkusanyiko wake kwa familia ya Brandegee ya Marekani, na mwaka wa 1937 vielelezo 27 vikanunuliwa kwa ajili ya jumba la Fogg la Chuo Kikuu cha Harvard. Kati ya hivyo, 15 ndivyo vinavyohesabiwa kuwa kazi ya mkono wa Bernini. Kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi 2013, rasimu zake kutoka sehemu mbalimbali za dunia zilikutanishwa katika maonyesho makubwa mjini New York na Fort Worth.

Hitimisho

Maisha ya Gian Lorenzo Bernini yanamfaa mwanafunzi wa fasihi sawa na wa uchongaji. Msomaji wa shairi au riwaya huiona kazi ikiwa imeshakauka na kung'arishwa, naye hudhani ilitungwa hivyo tangu mwanzo. Sanamu ndogo za Harvard zinakanusha dhana hiyo. Zinaonyesha kwamba ustadi ni wingi wa majaribio yasiyoonwa na mtu, na kwamba rasimu si jambo la kuonewa haya. Fauka ya hayo, maisha yake yanaonya kwamba subira ya karakana haihamii yenyewe katika mwenendo wa mtu. Costanza alilipa gharama ya hasira ambayo haikuandikiwa rasimu. Wakati ambao Bernini hakuwahi kumchonga ameendelea na kazi yake. Amemfunua msanii mkuu, na kando yake amemfunua mwanamke aliyeachiwa kovu.